Mwigizaji Mkuu na Mwigizaji Msaidizi: Uainishaji wa Waigizaji katika Tuzo za Televisheni na Dhana ya Mhusika Mkuu

1.0 Utangulizi

Katika mafunzo ya fasihi ya Kiswahili, kuanzia shule za sekondari hadi vyuo vikuu, mgawanyo wa wahusika katika wahusika wakuu na wahusika wadogo (au wasaidizi, kama wahakiki wengine wanavyopenda kuwaita) huchukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa na matini yenyewe. Mwanafunzi huulizwa mhusika mkuu ni nani, naye hutarajiwa kumtaja kwa kuzingatia nani ametokea tangu mwanzo hadi mwisho, nani amebebeshwa dhamira, na nani huzungukwa na matukio. Jibu hudhaniwa kuwa moja. Kwa tamthilia kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kazi hiyo si ngumu, kwani jina la tamthilia ni jina la mhusika. Lakini katika Mashetani ya mwandishi huyo huyo (1971) Juma na Kitaru wanasimama bega kwa bega, na mwalimu anayetaka jibu moja hulazimika ama kulitafuta kwa nguvu ama kukubali kwamba swali lake halikukaa sawa.

Makala hii inakusudia kuuchunguza mgawanyo huo mahali ambapo una matokeo ya kushikika, yaani katika tuzo za televisheni za Marekani, hususan tuzo za Emmy. Huko, kumwita mwigizaji fulani "mkuu" au "msaidizi" huamua atashindana na nani na pengine kama atapata tuzo au atarudi mikono mitupu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika tamthilia ya mfululizo ukuu wa mhusika hauwezi kusomwa kutoka kwenye matini peke yake, kwa sababu matini hiyo haijakamilika wakati hukumu inapotolewa; ukuu ni cheo kinachoombwa na mtu, kikakubaliwa au kukataliwa na wengine, na kinachoweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Ikiwa hoja hiyo ina uzito, basi itabidi istilahi zinazotumika madarasani nazo zitazamwe upya.

Tofauti moja inafaa kuwekwa wazi tangu mapema. Mhusika ni kiumbe wa kisa. Mwigizaji ni mtu anayemvaa kiumbe huyo. Tuzo hupewa mwigizaji, lakini kundi analoshindania huitwa kwa jina la nafasi ya mhusika. Ni kama kumlipa seremala kwa kutazama ukubwa wa nyumba ambamo kabati lake limewekwa. Utata mwingi utakaojadiliwa unatokana na mchanganyiko huo.

2.0 Utaratibu wa Uainishaji

Tuzo za Emmy zilitolewa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles tarehe 25 Januari 1949. Katika miaka ya mwanzo hapakuwa na tuzo ya mwigizaji msaidizi. Ilipotolewa katika sherehe ya 1954, walioipata walikuwa Art Carney, aliyekuwa akiigiza pamoja na Jackie Gleason, na Vivian Vance, aliyeigiza Ethel katika I Love Lucy. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kubishana. Vipindi vyenyewe vilibeba majina ya wakubwa wao: kimoja kilikuwa cha Gleason, kingine cha Lucy, na Ethel alikuwa jirani na mwenye nyumba aliyebisha hodi mara kwa mara. Anwani ya kipindi ilitosha kuwa kigezo.

Utaratibu uliokuja kuzoeleka baadaye ni huu. Kampuni ya utangazaji, mtayarishaji, wakala wa mwigizaji au mwigizaji mwenyewe huwasilisha jina lake kwa Akademia ya Televisheni pamoja na ada, na katika kuwasilisha huko hutaja kundi ambalo jina litaingizwa: kuu au saidizi. Akademia ina haki ya kulipitia ombi hilo, lakini kwa kawaida chaguo la mwombaji huheshimiwa. Kisha jina huchapishwa katika karatasi ya kura chini ya kundi lililoombwa, na wanachama ambao nao ni waigizaji hupiga kura. Mpiga kura anayeamini kwamba mtu fulani amewekwa mahali pasipo pake hawezi kumhamisha; anaweza tu kumnyima kura.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi likilinganishwa na tuzo za filamu za Oscar. Huko wapiga kura wenyewe ndio wenye kauli ya mwisho. Kampuni iliyosambaza filamu ya The Reader ilimpigia kampeni Kate Winslet kama mwigizaji msaidizi, na tuzo ya Golden Globe aliyoipata Januari 2009 ilikuwa ya msaidizi. Wapiga kura wa Oscar wakaamua kuwa nafasi ile ni kuu, wakamteua hivyo na kumpa ushindi. Uhuru huo nao una vituko vyake. Kwa filamu ya Going My Way, ambayo tuzo zake zilitolewa 1945, Barry Fitzgerald aliteuliwa katika makundi yote mawili kwa nafasi ile ile moja, akashinda kama msaidizi na kushindwa kama mkuu, na kanuni ikabidi ibadilishwe. Kwa Emmy kituko cha namna hiyo hakiwezi kutokea, kwa kuwa ombi hutangulia hukumu.

Je, kanuni zinasemaje kuhusu kipimo? Kwa mwigizaji mgeni kipimo kipo: tangu 2015 anayewania tuzo ya mgeni lazima awe ametokea katika chini ya nusu ya sehemu za msimu. Kwa mwigizaji msaidizi wa filamu ya televisheni au tamthilia yenye idadi maalumu ya sehemu, kiwango cha chini cha asilimia 5 ya muda wote kiliwekwa baada ya mwaka 2006, pale Ellen Burstyn alipoteuliwa kwa nafasi iliyochukua sekunde 14 tu katika filamu ya Mrs. Harris. (Ni vigumu kuamini kwamba wote waliompigia kura walikuwa wameitazama filamu hiyo, jina kubwa hupiga kampeni lenyewe.) Lakini baina ya mkuu na msaidizi wa mfululizo hakuna kipimo cha dakika, wala cha idadi ya mistari, wala cha mpangilio wa majina. Mpaka huo, ambao ndio unaogombewa zaidi kuliko yote, umeachwa kwa hiari ya mwombaji.

3.0 Mhusika Yule Yule, Cheo Tofauti

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Ed Asner. Katika The Mary Tyler Moore Show aliigiza Lou Grant, mkuu wa chumba cha habari katika stesheni ya televisheni ya Minneapolis, na kwa nafasi hiyo alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi wa vichekesho mwaka 1971, 1972 na 1975. Mfululizo huo ulipomalizika mwaka 1977, mhusika huyo alihamishiwa Los Angeles, akapewa kazi ya mhariri wa habari za jiji katika gazeti na tamthilia yake mwenyewe iliyoitwa Lou Grant. Asner akashinda tuzo ya mwigizaji mkuu mwaka 1978 na 1980. Jina ni lile lile, mwigizaji ni yule yule, tabia kwa kiasi kikubwa ni ile ile. Kilichobadilika ni jicho la msimulizi.

Ndani ya mfano huo mna jambo ambalo halitajwi sana. Katika mfululizo wa kwanza Lou Grant ndiye bosi na Mary ni mfanyakazi wake. Kwa mizani ya kazini mkubwa ni yeye. Hata hivyo yeye ndiye aliyeitwa msaidizi, na Mary mkuu. Cheo katika kisa na cheo katika usimulizi ni vitu viwili vinavyoweza kupishana kabisa. Wanafunzi wa Kiswahili hukosea hapa mara nyingi, kwa kuwa neno "mkuu" katika matumizi ya kila siku ni la madaraka: mkuu wa shule, mkuu wa wilaya, mkuu wa majeshi. Mfalme anapoingia jukwaani na kutoa amri, mwanafunzi humpa ukuu, hata kama kisa ni cha mtumwa anayeipokea amri hiyo.

The West Wing inatoa mfano ulio mgumu zaidi, kwa kuwa hapo hakuna kuhama kutoka tamthilia moja hadi nyingine. Allison Janney aliigiza C.J. Cregg, msemaji wa Ikulu ya Marekani. Kwa nafasi hiyo alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi mwaka 2000 na 2001, kisha akahamishiwa kundi la wakuu na kushinda mwaka 2002 na tena 2004. Katika kisa, C.J. alipandishwa kuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu katika msimu wa sita, ulioanza kuonyeshwa baadaye mwaka huo wa 2004. Yaani ukuu wa tuzo ulitangulia ukuu wa kazini. Ni kitu gani basi kilichobadilika kati ya 2001 na 2002? Si muundo wa tamthilia, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya watu wengi na ambayo kwa mpango wa awali wa Aaron Sorkin Rais mwenyewe angeonekana kwa nadra. Kilichobadilika ni hadhi ya Janney. Tuzo mbili za msaidizi zilimpa kimo cha kuomba ukuu. Hapo tuzo haikuupima ukuu uliokuwepo, ilishiriki kuujenga.

Mwendo wa kinyume nao upo. Lorraine Bracco, aliyeigiza daktari wa magonjwa ya akili katika The Sopranos, aliteuliwa kama mwigizaji mkuu mwaka 1999, akishindana na Edie Falco wa tamthilia hiyo hiyo, ambaye ndiye aliyeshinda. Mwaka 2007, tamthilia ilipofikia tamati, Bracco aliteuliwa kama msaidizi. Msomaji wa tamthilia nzima anaweza kusema kwamba nafasi ya daktari ilikuwa saidizi tangu mwanzo. Mwingine anaweza kujibu kwamba katika msimu wa kwanza kisa chote kimefumwa juu ya mazungumzo ya mgonjwa na daktari wake, na kwamba bila kiti kile cha daktari mtazamaji asingekuwa na njia ya kuingia ndani ya nafsi ya Tony Soprano. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa kipande cha matini alichokishika.

Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo. Mwaka wa ushindani wa Emmy huanza tarehe 1 Juni na kuishia tarehe 31 Mei. Kinachohukumiwa ni kipande cha kisa, si kisa. Mhakiki wa riwaya au wa tamthilia ya jukwaani anaisoma kazi iliyofungwa, akijua nani atakufa na nani atabaki. Mwigizaji wa mfululizo anaomba kundi lake wakati mwandishi bado hajaamua mambo ya msimu ujao. Katika Succession, Kieran Culkin na Sarah Snook waliwasilishwa kama wasaidizi na kuteuliwa hivyo mwaka 2020 na 2022. Kwa msimu wa mwisho, ambao tuzo zake zilicheleweshwa na migomo ya waandishi na waigizaji hadi Januari 2024, wote wawili walikuwa wamehamia kundi kuu, na wote wawili wakashinda. Kisa chenyewe kilikuwa juu ya swali la nani atairithi kampuni ya baba. Kumtaja mrithi mmoja kuwa mhusika mkuu katika msimu wa pili kungekuwa ni kulijibu swali ambalo tamthilia ilikuwa bado inaliuliza.

4.0 Tamthilia ya Kundi

Uainishaji unaotaka mkuu mmoja unayumba zaidi pale tamthilia inapojengwa juu ya kundi. Hill Street Blues, iliyoanza kuonyeshwa Januari 1981, ndiyo iliyouanika udhaifu huo. Ilikuwa na kituo kizima cha polisi, visa vitatu au vinne vikienda sambamba katika sehemu moja. Mwaka 1981 Barbara Babcock alishinda tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike kwa nafasi ambayo wengi wangeiona ndogo. Mwaka uliofuata wateule wote watano wa tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kiume wa drama walitoka katika tamthilia hiyo moja. Michael Conrad ndiye aliyeshinda. Hakuna mwigizaji msaidizi wa kiume wa drama nyingine yoyote nchini Marekani aliyepata hata uteuzi.

Makundi mbalimbali yameutatua ugumu huo kwa njia tofauti. Katika The Golden Girls waigizaji watatu waliwekwa katika ukuu na mmoja katika usaidizi. Betty White alishinda mwaka 1986, Rue McClanahan 1987 na Bea Arthur 1988, na mwaka huo huo wa 1988 Estelle Getty akashinda tuzo ya msaidizi. Kila mtu alipata chake; ni nadra mgawanyo kwenda kwa amani namna hiyo. (Getty aliigiza mama wa mhusika wa Arthur, ilhali kiumri Arthur ndiye aliyekuwa mkubwa.)

Waigizaji sita wa Friends walichukua njia nyingine. Tamthilia ilipoanza mwaka 1994 walikubaliana wote waingie katika kundi la wasaidizi, na tangu 1996 walijadiliana mishahara yao pia kwa pamoja, kila mmoja akidai kile kile anachopewa mwenzake. Kukataa ukuu kulikuwa sehemu ya mshikamano huo: iwapo mmoja angejitangaza mkuu, angekuwa amewashusha watano. Lisa Kudrow alishinda kama msaidizi mwaka 1998. Mwaka 2002 msimamo ulibadilika, wote wakaomba ukuu, na Jennifer Aniston akashinda, huku Matthew Perry na Matt LeBlanc wakiteuliwa katika kundi kuu la wanaume. Kudrow, aliyekuwa amezoea kuteuliwa kama msaidizi, hakuteuliwa tena kwa tamthilia hiyo, na Courteney Cox hakuteuliwa hata mara moja. Usawa wa kuomba haukuzaa usawa wa kupata. Hata hivyo, kwa mtazamo wa uhakiki, msimamo wa awali wa kundi hilo ulikuwa na ukweli mkubwa zaidi kuliko kanuni zilizowataka wachague: Friends haina mkuu, na kila anayemtaja mmoja anataja mapenzi yake.

Modern Family ilifuata mkondo huo, na watu wazima wote sita waliwasilishwa kama wasaidizi. Mwaka 2011 na tena 2012, nafasi nne kati ya sita za wateule wa kiume wa vichekesho zilishikwa na waigizaji wa familia hiyo. The White Lotus ilifika mbali zaidi: katika tuzo za msimu wake wa pili wateule tisa walitoka humo, wanawake watano na wanaume wanne, wote wasaidizi. Nafasi nane za wasaidizi wa kiume wa drama mwaka huo ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya The White Lotus na Succession. Msomaji aliyelelewa katika nadharia ya mhusika mkuu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: wasaidizi hao wanamsaidia nani?

Mfano wa Roots unastahili kutazamwa peke yake. Tamthilia hiyo, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, ilionyeshwa kwa siku nane mfululizo Januari 1977, ikianzia Gambia na kuvifuata vizazi kadhaa vya ukoo wa Kunta Kinte utumwani Marekani. Kunta Kinte mwenyewe aliigizwa na watu wawili: LeVar Burton akiwa kijana, John Amos akiwa mtu mzima. Kanuni za wakati huo zilikuwa na tuzo ya mwigizaji mkuu kwa kutokea mara moja, hivyo kila sehemu ilihukumiwa kivyake. Wateule wote wanne wa kundi hilo walitoka Roots: Burton, Amos, Ben Vereen na Louis Gossett Jr. Aliyeshinda ni Gossett, aliyeigiza Fiddler, mtumwa mzee anayempokea Kunta na kumfundisha namna ya kuishi katika nchi ya ugeni. Kwa kigezo chochote cha darasani Fiddler ni msaidizi, kwani kazi yake katika kisa ni kumjenga mwingine. Lakini katika sehemu ya pili ya tamthilia, yeye ndiye anayeona na kuumia, na ndiye anayezungumza Kunta anapokuwa hana la kusema. Kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo, ndivyo wakuu wanavyokuwa wengi. Katika kisa cha ukoo mzima hakuna anayeishi muda wa kutosha kuwa mkuu wa yote, na jambo hili lingewafaa sana wahakiki wa riwaya za vizazi, ambao mara nyingi humtafuta mhusika mkuu mmoja hadi wakamkuta kwa kulazimisha.

5.0 Suala la Haki

Baadhi ya wachambuzi wa tuzo huyaita mambo haya ulaghai: mwigizaji mkubwa anashuka kwa makusudi katika kundi la wasaidizi kwa kuwa huko ushindani ni mwepesi. Shutuma hiyo ina ukweli, lakini si kwa kila mfano. Pale kisa kilipojengwa juu ya kundi, kama katika Friends, kuomba usaidizi si udanganyifu. Pale mwigizaji anaposhika nafasi ya mbele waziwazi, shutuma hupata nguvu. Peter Dinklage alishinda tuzo ya msaidizi mara nne kwa Game of Thrones, mwaka 2011, 2015, 2018 na 2019, ilhali tangu msimu wa pili jina lake ndilo lililotangulia katika orodha ya waigizaji. Kwa upande wake inaweza kusemwa kwamba tamthilia yenye falme na koo nyingi kiasi kile iligawa muda wake kwa watu wengi mno. Kit Harington na Emilia Clarke, waliokuwa wasaidizi katika miaka ya kati, walihamia ukuu mwaka 2019, walipokuwa wamebaki wachache hai.

Anayeumia katika mwendo huu ni msaidizi halisi: yule mwenye mandhari mbili katika kila sehemu, ambaye angetambulika kama kundi lake lisingejazwa na walioshuka. Katika mwaka huo huo wa 2019 Gwendoline Christie na Alfie Allen hawakuwasilishwa na HBO katika kundi la wasaidizi, na Carice van Houten hakuwasilishwa katika lile la wageni. Kila mmoja alijiwasilisha mwenyewe kwa ada ya dola 225, na wote watatu wakateuliwa. Tukio hilo linaonyesha kwamba hatua yenye maamuzi makubwa hutokea kabla ya kura yoyote kupigwa, mezani pa wenye kampuni, wanapopanga nani wa kumwombea na wapi. Inafaa kutajwa kwamba Kiswahili kina ugumu wake hapa: "kujipendekeza" kingekuwa kitenzi cha karibu, lakini maana yake iliyozoeleka ni kujikomba kwa wakubwa. "Kujiwasilisha" ni salama zaidi, ingawa hakina uchungu wa kile cha kwanza.

Chama cha waigizaji wa Marekani, kilipoanzisha tuzo zake mwaka 1995, kilikwepa tatizo zima: kwa televisheni hakikuweka kundi la wasaidizi. Wote hushindana pamoja. Matokeo yake yanafundisha. Jason Alexander, aliyeteuliwa na Emmy mara saba kama msaidizi kwa Seinfeld bila kushinda hata mara moja, ndiye aliyeshinda tuzo ya kwanza ya chama hicho ya mwigizaji wa kiume wa vichekesho. Dinklage naye alishinda tuzo ya drama Januari 2020, safari hiyo bila kivumishi chochote nyuma ya jina lake. Lakini utaratibu huo una gharama yake pia: katika mashindano ya wote, mwenye mandhari mbili katika kila sehemu hana nafasi kabisa.

6.0 Kuhusu Istilahi

Suala la istilahi si la pembeni. Tuzo zenye makundi ya namna hii zimefika Afrika Mashariki. Kenya ina tuzo za Kalasha, zilizoanzishwa na Kamisheni ya Filamu ya nchi hiyo mwaka 2009, na wanaoziandika habari zake kwa Kiswahili wanahitaji maneno.

Watazamaji wa kawaida wa Tanzania na Kenya walikwisha kujipatia neno lao zamani: steringi. Steringi wa filamu hajulikani kwa muda anaoonekana wala kwa madaraka aliyo nayo katika kisa. Anajulikana kwa sababu hafi. Vijana wanaotazama filamu bandani huweza kumtambua katika dakika tano za mwanzo na kubishana juu yake, na mabishano yao huhusu jambo lile lile linalowasumbua wajumbe wa Akademia: kisa hiki kimekula kiapo cha kumlinda nani? Kigezo hicho kina udhaifu wake, kwani Game of Thrones ilimuua steringi wake kabla ya msimu wa kwanza kwisha, lakini ni kigezo cha usimulizi, na kwa hiyo ni bora kuliko kigezo cha madaraka ambacho neno "mkuu" hukiingiza kwa mlango wa nyuma.

Neno "msaidizi" lina matatizo zaidi. Katika lugha ya ofisini msaidizi ni anayekaimu au anayetumwa: katibu msaidizi, mhasibu msaidizi. Mwigizaji msaidizi anaweza kueleweka kuwa ni yule anayesubiri mwenzake augue ili achukue nafasi. Dhana iliyokusudiwa ni ya kuhimili, na hapo Kiswahili kina mtazamo wake. Kinachohimili nyumba ni mhimili na nguzo, na mwenye kuitwa nguzo ya familia au mhimili wa jahazi ni yule ambaye asipokuwepo vyote huanguka. Kwa hiyo tafsiri iliyo aminifu kwa dhana ya kuhimili ingempandisha aliyekusudiwa kushushwa.

Njia iliyo karibu zaidi na hali halisi huenda ikawa "mwigizaji mwenza" kwa tamthilia za kundi, na "mwigizaji msaidizi" kubakizwa kwa zile ambazo kweli zina mtu mmoja wa kusaidiwa. Vitimbi, vichekesho vya Kiswahili vilivyoonyeshwa kwa miaka mingi na shirika la utangazaji la taifa la Kenya, vingekuwa kipimo kizuri cha istilahi hiyo. Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang' hadi karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 2015, na Mary Khavere, aliyeigiza mkewe Mama Kayai, walijulikana kwa majina ya wahusika wao zaidi kuliko kwa majina yao wenyewe, na mzaha wa mmoja ulikuwa hauna makali bila jibu la mwingine. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake ugumu wa dhana ya mhusika mkuu anaweza kuanza na wawili hao: awape nusu ya darasa hoja ya kumtetea Ojwang', nusu nyingine ya kumtetea Mama Kayai, na asiwaambie jibu.